Kuondoka kwa hiari Marekani au kusubiri amri ya kuondolewa: yangu yalikuwa hivi

Mkuu nimekuelewa. Shemeji yako yuko Marekani, aliingia na visa ya matembezi akapitiliza kama miaka mitatu, sasa kapata karatasi ya kuitwa mahakama ya uhamiaji na anataka akate tiketi aondoke kimya kimya, kesi ijifie yenyewe. Mpigie leo umwambie atulie kwanza, maana na mimi nilikuwa na akili hiyo hiyo.

Kesi haifi kwa sababu umepanda ndege. Siku ikifika jina linaitwa, haupo, mwanasheria wa serikali anatoa vielelezo vyake na jaji anaweza kuandika amri ya kuondolewa nyuma ya mgongo wako. Kutotokea tu bila sababu ya maana kunaweza kukufungia miaka 5, na hiyo amri inakaa kwenye faili inakusubiri siku utakayoomba visa. Hata ile aplikesheni ya simu ya serikali ya Marekani ya kutangaza kwamba unaondoka, CBP Home, waliyoizindua Machi 2025, ambayo Mei wakatangaza dola 1,000 kwa anayeondoka mwenyewe, mimi nisingebonyeza kitu kabla sijaona kwa maandishi kwamba kesi imefungwa.

Mimi niliingia na visa ya mwanafunzi, ada ikanishinda nikaacha chuo nikawa napiga vibarua. Kuna jamaa mjaza fomu, sio wakili wala nini, akanila dola 900 akisema ananitengenezea ombi la ukimbizi, na mimi sikuwa nakimbia chochote. Bahati yangu alikula hela na fomu haikwenda popote, kwa sababu ombi la uongo likithibitika wanakufungia faida zote za uhamiaji maisha. (Kama shemeji kweli anaogopa kurudi nyumbani hiyo ni habari nyingine kabisa, amwambie wakili kabla hajasema neno kwa jaji.)

Mahakamani wakili wa bure wa serikali hakuna ila mkalimani unapewa. Jaji tulimwona kwenye skrini, mkalimani wetu wa Kiswahili yuko kwenye simu anakatika katika, akanitafsiria "kuondoka kwa hiari" na mimi nikaelewa hiari kweli, yaani nitaondoka nikijisikia. Kumbe hiari yenyewe ni ruhusa ya jaji uondoke mwenyewe bila amri ya kuondolewa, na ina tarehe, tarehe ikipita hujaondoka inageuka kuwa amri ya kuondolewa, unapigwa faini ya dola elfu moja na zaidi, na miaka 10 huwezi kuomba tena nafuu nyingi ikiwemo kubadilishiwa hadhi ya uhamiaji ukiwa ndani ya nchi. Mwakilishi niliyempata kupitia shirika la msaada ndiye aliyenivuta shati tukatoka koridoni akanieleza upya taratibu.

Alinieleza hivi. Ukiomba mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa kwa undani, jaji anaweza kukupa mpaka siku 120, ila unakubali kwamba kisheria unastahili kuondolewa, unaacha maombi mengine yote na rufaa huna. Ukipigana mpaka mwisho ukashindwa ndio uombe, hapo ni siku 60 basi, na uwe umekaa nchini angalau mwaka kabla ya ile karatasi, tabia njema miaka 5 nyuma, na dhamana isiyopungua dola 500 unayolipa ndani ya siku 5 za kazi. Mwenye makosa makubwa ya jinai asahau. Mimi nilichukua ya mapema, nikapewa 120.

Sasa hapa ndio shemeji asidanganywe na mfano wangu. Wanafunzi wengi wakati wangu tuliingia bila tarehe ya mwisho kwenye rekodi, kwa hiyo siku za kukaa kinyume cha sheria zilikuwa hazijaanza kunihesabia. Yeye wa matembezi alipewa tarehe. Akishapitisha mwaka mmoja halafu akatoka, anafungiwa miaka 10, awe ametoka kwa hiari au kwa pingu. Hiari haifuti hiyo! Inachomsaidia ni kutokuwa na amri juu yake, maana mwenye amri pamoja na hicho kifungo cha miaka 10 kesho akitaka kurudi kabla ya muda, mathalani mke ana uraia, anaomba misamaha miwili badala ya mmoja. Na akithubutu kupenya mpakani baada ya amri, hiyo ni jinai, anaweza kula mpaka miaka miwili jela hata kama hana rekodi nyingine.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni eapoti. Nilifika na barua yangu ya jaji kwenye bahasha nikijua nitagongewa muhuri wa kutoka, nikamuuliza dada wa kaunta, akaniangalia kama nimeuliza njia ya mwezini. Marekani hawagongi muhuri wa kutoka, unakagua mzigo unapanda ndege imeisha hiyo. Maana yake ushahidi kwamba uliondoka ndani ya muda ni kazi yako. Nilitunza bodingi pasi, nikahakikisha muhuri wa kuingia nyumbani unasomeka tarehe, wiki hiyo hiyo nikaupeleka na ile fomu ya kuthibitisha kuondoka ubalozi wa Marekani. Yule mlinzi wa getini alitaka kunirudisha eti sina appointimenti ya visa, nikamwambia kaka mimi nimetoka huko sitaki kwenda.

Kwa leo shemeji atafute namba yake inayoanza na A kwenye karatasi, aiingize kwenye tovuti ya mahakama aone tarehe yake, kwa sababu iliyoandikwa kwenye karatasi inaweza kuwa imesogezwa. Na kama amehama nyumba ajaze fomu ya anwani, ana siku 5 za kazi tu.