Seva Inazimika Kila Jumamosi: Tununue Prosesa Mpya?

SWALI: Mimi ni mwalimu niliyekabidhiwa chumba cha kompyuta katika shule ya sekondari mjini Tanga. Tangu kaskazi ianze kukolea, seva yetu inayotunza hesabu za ada na matokeo ya wanafunzi ilikuwa ikijizima mara moja moja. Fundi tuliyemwita aliifungua, akapuliza vumbi na kupaka upya dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa (ubongo wa kompyuta), lakini tangu aondoke imezimika mara tatu katika majuma mawili: mara mbili Jumamosi mchana, na mara moja baada ya umeme kukatika. Imo ndani ya kabati la mbao lenye milango, katika iliyokuwa stoo, na kiyoyozi kilichopo ni cha BTU 9,000 (kipimo cha joto kinaloweza kuondoa kwa saa). Fundi anasema prosesa imechoka. Alipokwisha kuondoka tulikuta kipande cheusi cha plastiki juu ya rafu. Je, tununue prosesa nyingine?

JIBU: Mwalimu, msitoe fedha bado. Prosesa inapofikia kikomo chake cha joto, ambacho kwa nyingi ni karibu na nyuzi joto 100, hupunguza mwendo wake kwanza, na joto likiendelea kupanda kupita hapo, umeme hukatwa papo hapo bila kuisubiri Windows ifunge mafaili. Ndiyo maana ukitafuta sababu katika kumbukumbu za Windows utaona tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Kuzimika huko ni kinga, wala hakuthibitishi kwamba prosesa imechoka.

Ushahidi uko mahali pengine. Seva nyingi zina kompyuta ndogo kwenye ubao mama, ambayo hubaki macho maadamu waya wa umeme umechomekwa. Kwa Dell huitwa iDRAC, na kwa HPE huitwa iLO. Humo hutunzwa kumbukumbu ya matukio, pamoja na vipimo vya joto la hewa inayoingia mbele, joto la prosesa na mwendo wa kila feni. Soma vipimo hivyo kwa pamoja. Ikiwa hewa inaingia na nyuzi joto 25 huku prosesa ikikaribia 100, kasoro iko ndani ya mashine. Lakini ikiwa hewa yenyewe inaingia na nyuzi joto 40, hata ukipaka dawa mpya kila juma hutapata nafuu, kwa sababu feni zinapuliza hewa ya moto juu ya kitu cha moto. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji cha Marekani, hupendekeza hewa inayoingia iwe kati ya nyuzi joto 18 na 27.

Kwa maelezo yako, nashuku mambo mawili yanayosaidiana. La kwanza ni hicho kipande cheusi, ambacho yaelekea ndicho kifuniko cha ndani kinachokaa juu ya prosesa na kuulazimisha upepo wa feni upite katikati ya mapezi ya kupozea. Kisipokuwapo, upepo hupita pembeni na prosesa hupata joto kupita kiasi huku feni zikivuma kama kawaida. Zimeni seva kwa utaratibu, chomoeni waya, kisha mkirudishe. Umbo lake litawaonyesha kinapokaa. (Wapo wanaoiacha seva wazi na kuielekezea feni ya mezani. Msifanye hivyo, kwani mfuniko wa juu nao ni sehemu ya njia ya upepo.)

La pili ni chumba. Seva inayotumia wati 350 hutoa joto la takribani BTU 1,200 kwa saa, sawa na theluthi moja tu ya pasi ya wati 1,000 iliyowashwa mfululizo, kwa hiyo kiyoyozi chenu kinaimudu hata ukijumlisha joto la paa. Swali ni kama huwa kimewashwa. Muulizeni anayefunga ofisi Ijumaa jioni kama hakizimi ili kuokoa umeme. Umeme unapokatika, UPS (betri ya akiba) huendelea kuilisha seva huku kiyoyozi kimelala, na viyoyozi vingi haviwaki vyenyewe umeme ukirudi mpaka mtu abonyeze rimoti. Nalo kabati la mbao huirudisha hewa ya moto kutoka nyuma hadi mbele, na seva ikavuta pumzi yake yenyewe. Ng'oeni milango yote miwili, muisogeze mbali na ukuta, kisha mtundike kipimajoto mbele yake, mahali ambapo mlinzi naye anaweza kukisoma.

Kabla ya hayo yote, nakilini data ya ada kwenye diski ya nje na kuhakikisha inafunguka, maana kuzimika kwa ghafla huharibu hifadhidata kuliko kunavyoharibu prosesa. Iwekeni UPS iamuru seva ijifunge yenyewe dakika kumi baada ya umeme kukatika. Kisha andikeni daftarini siku, saa na joto la mbele kwa majuma mawili. Ikizimika tena huku kipimajoto kikisoma chini ya 27, mwiteni fundi, na safari hii aanze kwa kukagua feni moja baada ya nyingine.