Maswali Yenu: Fomu ya chuo yataka kujua mpaka nyumba yangu, ya nini?

SWALI: Salaam aleikum. Kijana wangu kamaliza fomu foo na A yake, sasa kashikilia kuomba vyuo vya Marekani, asema kule karo vyuo vyalipa vyenyewe. Tumefungua fomu, lo! Mshahara, benki, gari, duka, nyumba, yote wauliza. Mimi nauza leso Marikiti, mume wangu ni wa kibarua bandarini, na nyumba yetu Majengo ni ile nyumba bila ardhi, twapangisha vyumba vitatu. Nikiiandika si wataniona tajiri? Na kwa A ile si wampe tu? Mama wa Majengo

JIBU: Aleikum salaam mamangu. Nianze na hiyo A manake ndo inayopoteza wengi. Harvard, Yale, Princeton na wenzao wa Ivy League, lile kundi la vyuo vikongwe vya kule, hawatoi skolashipu ya maksi kabisa. Maksi zamfungulia mlango, pesa yaja kwa hesabu nyingine: wachukua gharama ya mwaka mzima, karo, malazi, chakula, vitabu, watoa kile wanachoona nyinyi mwaweza kulipa, kinachobaki ndo uhitaji wenu. Kwa hivyo hawaulizi kama wewe ni maskini, wauliza mwaweza kutoa ngapi.

Tuseme wameona mwaweza dola 2,000. Chuo cha dola 80,000 uhitaji ni 78,000, cha dola 40,000 ni 38,000. Utadhani hicho cha pili ndo nafuu, wapi! Kupiga hesabu ya uhitaji si kuulipa. Kama chuo cha kwanza ni katika vile vinavyoahidi kufunika uhitaji wote basi mtatoa zile 2,000 zenu tu, na hicho cha rahisi chaweza kuwapa 15,000 kikanyamaza, hizo 23,000 zilizobaki mtajua wenyewe mtakapozitoa. Kama chafunika uhitaji wote au la, hilo ndo swali la kuuliza chuo mwanzo kabisa, kabla ya hata kuangalia karo.

Sasa nyumba. Hawaichukui wala hawakwambii uuze. Mapato ndo yenye uzito, mali ya wazazi kwa kawaida huhesabiwa sehemu ndogo tu, kama asilimia 5 ya thamani yake au chini, na vyuo vingine nyumba ya kuishi huiweka kando kabisa. Ila mzungu wa ofisini hajui nyumba bila ardhi ni kitu gani, atadhani una kiwanja mjini! Andika bei ya kuta na mabati unayoweza kuuzia kweli, kisha kwenye ile sehemu ya maelezo mweleze kwamba ardhi ni ya mtu mwingine na mwamlipa kodi yake. Vyumba vitatu viingie kwenye mapato. Na leso, tafadhali, usiandike mauzo ukayaita faida, wengi wajiharibia hapo, pesa yapita mkononi tu yarudi kwa muuzaji wa jumla.

Mtu akikwambia ujaze FAFSA, ile fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, mwache, hiyo ni ya raia wa kule na wenye ukaazi. Yenu mara nyingi ni CSS Profile, fomu ya maswali ya pesa inayotumiwa na vyuo vingi ingawa si vyote.

Kuna vyuo haviangalii uwezo wa mgeni vikimchagua, kama MIT, Harvard, Yale, Princeton na Amherst. Vingi vingine vyaangalia, na kuhitaji pesa nyingi kwaweza kumnyima nafasi. Hata hivyo asije akaandika hahitaji akitegemea ataomba akishafika, vyuo vingi hapo mlango washaufunga, na isitoshe kabla ya kutoa ile fomu ya I-20 ya kuombea viza chuo chataka kwanza kuona pesa ya mwaka wa kwanza iko wapi.

CSS yenyewe yalipiwa kwa kila chuo. Mwambie kijana aandikie imeili ofisi ya msaada ya chuo, aombe asamehewe ada ama apewe fomu nyingine ya bure, wengine hukubali, lakini aandike mapema si wiki ya dedlaini.