Mdogo wangu anaiga kila ninachofanya: ni kejeli?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22. Tangu juzi hasemi na hataki kula. Nikijikuna naye anajikuna, nikikunja mikono naye anakunja. Baba anasema anatukejeli, shangazi anasema ni jini. Ni nini hasa? Dada mtu.

JIBU: Marahaba dada. Hakejeli. Hiyo inaitwa ekopraksia: mtu anaiga mienendo ya mwenzake bila kukusudia. Ukimwona mtu ananyanyua mkono, ubongo wako nao hujiandaa kunyanyua wako, ila sehemu ya mbele ya ubongo huzuia. Uzuiaji huo ukilegea, mtu huiga. Mwaka 1986 daktari Mfaransa François Lhermitte alieleza wagonjwa walioumia sehemu hiyo. Walimwiga ingawa hakuwaagiza.

Kuiga huko huonekana pia kwenye ugonjwa wa Tourette (wa kushtuka mwili na kutoa sauti bila kukusudia), usonji na skizofrenia, ugonjwa wa akili. Lakini ukimya na kutokula vikiandamana nako, mimi nafikiria kwanza katatonia, yaani hali ambayo mtu hashindwi kusikia wala kuona, ila mwendo, usemi na uitikiaji wake huvurugika. DSM-5, mwongozo wa madaktari wa kutambua magonjwa ya akili, unaorodhesha dalili zake 12, na tatu zinatosha kuitambua. Kuiga ni mojawapo.

Mpeleke hospitali leo hii. Shangazi akitaka kusoma dua, aisome njiani. Katatonia huweza kuletwa na ugonjwa wa akili, lakini pia na maambukizi ya ubongo, kifafa au dawa, kwa hiyo apimwe damu, malaria ikiwemo, na ikibidi maji ya uti wa mgongo. Usishangae daktari akijikuna kichwa kwa mbwembwe mbele yake: anapima kama ataigwa. Dawa ya kwanza ni lorazepamu, dawa ya kutuliza, kwa kawaida miligramu 1 au 2. Pasipokuwepo, hutumika diazepamu. Wapo wanaoanza kusema dakika chache baada ya sindano. Ikishindikana, kuna tiba ya umeme, inayofanywa mgonjwa akiwa kwenye usingizi wa dawa, na kwa katatonia inasaidia sana.

Jambo moja ulisisitize mapokezi: taja kuiga, ukimya na kutokula, vyote. Akichukuliwa kuwa amerukwa na akili tu, akachomwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, anaweza kukakamaa zaidi na kupata homa kali ya kuhatarisha maisha. Na mrekodi kwa simu kabla hamjaondoka, maana dalili hizi huja na kupotea, na huenda akatulia kabisa mbele ya daktari.