Pikipiki ya mtumba inazima njiani: kabla hujafungua injini, fungua kifuniko cha tanki

Mkuu nimekusoma. Umesema ni pikipiki ya cc 125 ya mtumba, una wiki tatu nayo, asubuhi inawaka poa kabisa ila ukitembea kama dakika ishirini inaanza kukatakata afu inazima, ukiipumzisha kidogo inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Juu ya hapo nyutro (gia huru) haipatikani ukiwa umesimama, cheni inalia, na fundi kashakwambia injini ifunguliwe. Nakuomba usifungue injini. Sisemi fundi wako hajui kazi, ila hizo dalili sio za ugonjwa mmoja, kila moja ina chanzo chake, na karibu zote zimenipitia kwenye 125 yangu ambayo nilivyoipata nadhani nilikuwa mtu wa nne kuimiliki.

Mtumba hununui chuma peke yake, unanunua na ujanja wote wa waliokuwa nayo. Jamaa akiona inazima kwenye foleni anapandisha resi (mzunguko wa injini ukiwa umeachia gesi), maisha yanaendelea. Klachi ikianza kuteleza anacheza na waya. Taa ikigoma anaunga waya juu kwa juu na kuzungushia utepe mweusi. Chombo kinakuja kwako kila skrubu ishachezewa na hakuna aliyeandika popote iliachwa wapi.

Na mimi nikaongeza ya kwangu. Jumamosi ya kwanza nilikaa nayo mchana kutwa nikabadilisha plagi, nikaosha filta ya hewa, nikageuza skrubu zote mbili za kabureta, nikakaza cheni, nikashusha resi, yaani nilijiona fundi. Jumapili ikawa mbovu kuliko nilivyoikuta, sasa kipi kimeiharibu kati ya vitano? Sikujua. Tangu hapo nina daftari dogo chini ya siti: kitu kimoja, naendesha siku mbili, naandika. Kabla sijagusa skrubu ya hewa ya kabureta naizungusha taratibu kwenda ndani nikihesabu mizunguko mpaka iguse mwisho, bila kuikaza, naandika idadi afu naanzia hapo. Ikigoma narudi nilipotoka.

Haya tuje kwenye kuzima, maana hiyo ndo inakunyima usingizi. Yangu ilikuwa hivyohivyo, na kilichonichanganya ni kwamba nikijaza tanki full inazima mapema, nikiwa na mafuta nusu inanipeleka hata nusu saa. Nikaambiwa koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, ikishapata moto inakata umeme. Nikanunua koili, nikafunga, ikazima palepale. Siku moja imezima barabarani, jua kali, nikasema ngoja nichungulie kama mafuta yapo kweli. Ile nazungusha ufunguo kwenye kifuniko cha tanki nikasikia fyuuu, hewa inavutwa kwenda ndani kwa nguvu kabisa. Nikakaa kimya. Nikafunga, nikasubiri kidogo, kiki moja ikawaka.

Iko hivi, kwenye pikipiki ya kabureta isiyo na pampu, mafuta yanashuka kwa uzito wake tu. Kila tone linaloondoka tanki lazima liachie nafasi hewa iingie, na hewa hiyo inapita kwenye kitundu kidogo sana kwenye kifuniko. Kitundu kikijaa vumbi na kutu, ndani ya tanki kunabaki mvuto unaoyazuia mafuta yasishuke, bakuli la kabureta linakauka na injini inakufa taratibu, sio ghafla. Tanki likiwa full hewa iliyo juu ya mafuta ni kidogo, ndo maana mvuto unakuja haraka. Ukisimama dakika kumi hewa inajipenyeza polepole na chombo kinafufuka, wewe unadhani kimepoa. Nilifungua kifuniko, nikakiloweka kwenye petroli, nikapitisha waya mmoja mwembamba wa breki ya baiskeli, nikapuliza. Kilitoka kitu kama udongo wa mfinyanzi. Koili mpya bado ninayo, haina kosa lolote.

Kwahiyo kesho ikizima usihangaike na kitu kingine, fungua kifuniko usikilize. Kama hakuna mvuto, legeza ile skrubu ya chini ya bakuli la kabureta uone kama kuna mafuta, ila angalia yasidondokee eksozi ikiwa ya moto, weka kikopo. Mafuta hayatoki, basi tatizo liko juu: koki (ile ya kufungulia mafuta chini ya tanki), chujio lake, au mpira umejikunja. Yanatoka vizuri, hapo ndo uende kwenye umeme, chomoa plagi palepale kabla haijapoa, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na hayo mafuta, piga kiki uone cheche. Vipimo hivi vitatu havizidi robo saa, na injini hujaigusa.

Plagi ukishaitoa isome kabisa. Rangi ya kahawia iliyopauka ni nzuri, nyeusi yenye masizi makavu inakula mafuta mengi au filta imeziba, nyeusi ya kulowana oili hiyo ni habari nyingine, nyeupe kama chokaa inapata mafuta kidogo na injini inaungua. Uwazi wa plagi kwa pikipiki nyingi za aina hii ni kama milimita 0.6 mpaka 0.8, kitabu chako ndo kina namba yenyewe.

Sasa hapa naomba uwe makini, uliandika kwamba resi iko juu kidogo "lakini hiyo sio shida". Mkuu hiyo inaweza kuwa shida kuliko zote. Yangu nayo ilikuja hivyo, nikaishusha, ikawa inazima kila nikiachia gesi. Nikasafisha njia ya mafuta ya mwendo mdogo kwenye kabureta, ile jeti yenye tundu jembamba kama unywele, ikapata nafuu lakini ikizimwa ikiwa ya moto, kuiwasha tena bado ilikuwa kubembelezana. Kumbe vali. Watu wengi wanadhani vali mbaya ni ile inayopiga kelele, tak tak tak, kumbe ya kuogopa ni iliyonyamaza. Vali kadri inavyotumika inazama kwenye kiti chake na ule uwazi mdogo kati ya vali na tapeti (kile kinachoisukuma ifunguke) unapungua, unafika mahali vali haifungi sawasawa, kompresheni inavuja, na vali ya eksozi ambayo inapoa kwa kukaa kwenye kiti chake inaanza kuungua. Mwenye nayo anaona injini imetulia haina kelele, anaisifia. Anapandisha resi kidogo isizime. Anakuuzia.

Kupima sio uchawi. Injini iwe baridi kabisa, ya kulala usiku, sio ya kupumzika saa moja. Toa plagi ili izunguke kirahisi, fungua vile vifuniko vya vali, fungua na kijitundu cha pembeni uone sumaku, zungusha mpaka alama ya T (pistoni iko juu kabisa) ilingane na mstari. Hapo ndo wengi wanakosea, kwasababu T inakuja mara mbili katika mzunguko wa kazi wa injini, unayoitaka ni ile ambayo vali zote mbili ziko huru, shika tapeti na vidole, zote zicheze kidogo. Kama moja imebana sana zungusha duara moja zaidi uangalie tena. Ila ikiwa hata kwenye ile sahihi haichezi, basi jibu umelipata. Kipimo cha pikipiki nyingi ndogo kiko kati ya milimita 0.05 na 0.10, ile karatasi ya chuma ya kupimia uwazi iingie kwa kukwaruza kidogo, isilazimishwe wala isielee. Yangu ya eksozi hata ya 0.03 ilikataa kuingia. Nilivyoiweka sawa, kelele ikaongezeka kidogo na mke wangu akauliza nimeiharibu nini tena, lakini resi ilishuka ikatulia yenyewe.

Nyutro. Kama ikiwa imezimwa inaingia kiulaini na ikiwa inaunguruma inagoma, klachi haiachii vizuri, plati zinaburutana. Angalia waya wa klachi, mkono uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla haujaanza kuvuta. Mchezo ukizidi hapo klachi haifunguki yote. Mchezo usipokuwepo kabisa ni hatari upande wa pili, klachi inateleza na kuungua. Nilipaka waya oili, nikarekebisha, ikabaki ngumu kidogo, mpaka nilipobadilisha oili ndo ikaisha.

Oili yenyewe nimeiweka huku chini lakini ndo ya kufanywa kwanza, hata leo. Usiamini neno la muuzaji kwamba kaimwaga juzi. Pikipiki za hivi klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, kwahiyo oili nyingine za magari zenye vilainishi vya ziada zinaifanya iteleze: unavuta gesi, injini inalia, mwendo hauongezeki. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, hiyo ni alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hii. Ikimwagika ichunguze kwenye mwanga, vumbi laini la kung'aa kwenye kizibo sio la kukukimbiza, ila vipande unavyoweza kuokota kwa kucha, hapo sasa mrudie yule fundi wako.

Cheni usiikaze kwa kuangalia sehemu moja. Weka stendi kubwa, zungusha tairi taratibu, utaona kuna mahali inabana na mahali inalegea kwasababu haichakai sawa pote. Rekebishia pale inapobana zaidi, mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati, ukiikaza pale ilipolegea basi kule kwingine itakuwa kama uzi wa gitaa na itakula beringi. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama pezi la papa badilisha sproketi zote na cheni pamoja. Na ukifungua ile linki ya klipu, wakati wa kurudisha upande uliozibwa wa klipu ndo uangalie cheni inakoelekea, niliikuta yangu imefungwa kinyume na bado ilikuwa inatembea, Mungu tu.

Kuna moja hawalisemi. Kama breki ya nyuma ni ya ngoma yenye fimbo, ukirudisha tairi nyuma kukaza cheni na breki inajikaza yenyewe. Nilitembea hivyo siku nzima, nikashangaa pikipiki imekuwa nzito, kugusa ngoma nusura niungue vidole. Kila ukigusa cheni legeza nati ya fimbo upime upya, na taa ya breki pia maana swichi yake inafuata pedeli.

Umeme sina mengi. Indiketa ikipepesa mbio upande mmoja balbu imekufa au haipati ethi. Honi ikikoroma safisha ethi kwanza kabla ya kununua honi. Betri iliyojaa ikiwa imetulia inasoma kama volti 12.6 na kuendelea, ukipandisha resi isome kati ya 13.5 na 14.5, ikivuka 15 rekitifaya (kile kinachodhibiti chaji) inakuchemshia betri. Taa ya mbele kufifia ukiachia gesi, kwa pikipiki nyingi za zamani ndo ilivyoumbwa, achana nayo.

Tairi angalia tarehe. Ubavuni mwishoni mwa maandishi ya DOT kuna namba nne, 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. La kwangu la mbele lilikuwa na vijino vizuri kabisa na umri wa kwenda shule. Nililitoa.

Vingine nimeviacha. Kioo cha kushoto kinatetemeka nikifika mwendo wa 60, nikifika 70 kinatulia, nimeacha. Geji ya mafuta inasema robo mpaka inazima, sasa napiga hesabu kwa kilomita na sipeleki koki kwenye akiba mpaka iniombe. Vya namna hiyo vipo tu, vitakuzoea.

Kwako ningeenda hivi: kesho asubuhi kabla hujapiga kiki hata moja pima vali, ikiwa baridi ndo nafasi yako. Afu itembeze mpaka izime, fungua kifuniko. Uje useme umesikia nini, na tanki lilikuwa na mafuta kiasi gani.