Siku ya Kwanza ya Mafunzo kwa Vitendo, na Namba ya Simu Iliyokatwa

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa usanifu wa michoro hapa Dar es Salaam, na Jumatatu iliyopita nilianza mafunzo kwa vitendo katika kampuni moja ya usanifu iliyopo Mikocheni. Nilipanda basi la mwendokasi Kimara alfajiri hadi kituo cha Morocco, nikafika ofisini kabla ya saa mbili, kisha nikakaa hadi saa sita bila kupewa kazi yoyote. Mchana msimamizi wangu, dada ambaye hanizidi hata miaka minane, alinipa maandishi na picha za kipeperushi cha A5 cha mteja anayetengeneza sabuni, akaniambia nikipange. Kwenye kompyuta kilipendeza sana. Jioni, nakala ya majaribio iliporudi kutoka kwa mpiga chapa, rangi ya kijani ilikuwa imefifia, ukingo mmoja ulikuwa na mstari mweupe, na namba ya simu ya mteja ilikuwa imekatwa tarakimu ya mwisho. Dada aliitazama, akaiweka mezani, akaniaga. Je, nikaombe radhi, au nimekwisha kushindwa? Tena, asubuhi nilipomwamkia shikamoo ofisi nzima ilicheka. Nimwiteje?
Mwanafunzi, Kimara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakala ya majaribio huchapwa ili makosa yaonekane yakiwa katika karatasi moja, kabla hayajawa katika karatasi elfu tano zilizokwisha kulipiwa. Kwa kuwa mteja hajaiona, hakuna aliyepata hasara, na sioni kwa nini useme umeshindwa. Hata hivyo, makosa hayo matatu yanatoka katika chanzo kimoja: uliipanga kazi kwa ajili ya kioo cha kompyuta, ilhali ilikuwa ikienda kwenye wino na kisu.

Anza na rangi. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, lakini mashine ya chapa hutumia wino wa aina nne, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi, ambao hauwezi kutoa kila rangi inayoonekana kwenye mwanga. Kijani kikali chenye kung'aa ni miongoni mwa rangi zinazopotea kwanza, kwa hiyo usimlaumu mpiga chapa. Badilisha faili liwe la rangi za wino mapema, uone hasara hiyo wewe mwenyewe kabla hujaipenda rangi usiyoweza kuipata. Maandishi madogo meusi yaache yachapwe kwa wino mweusi peke yake, kwa sababu yakitengenezwa kwa wino zote nne na karatasi ikasogea kidogo tu, herufi huota vivuli.

Mstari mweupe na tarakimu iliyokatwa ni habari ya kisu. Umewahi kumwona fundi cherehani akikata kitambaa sawasawa na kipimo cha mwili? Huacha akiba ya mshono. Mpiga chapa naye anahitaji akiba, ingawa yake huishia kwenye pipa la taka, kwa kuwa rundo la karatasi likiwekwa chini ya kisu halikatwi mahali palepale kila mara. Karatasi ya A5 ina milimita 148 kwa 210. Ukiongeza milimita 3 za rangi kila upande, faili lako linakuwa milimita 154 kwa 216. Upande wa ndani, weka maandishi yote angalau milimita 5 kutoka mstari wa kukatia. Ungefanya hivyo, namba ya simu ingesalimika, na kwa muuza sabuni namba hiyo ina thamani kuliko mapambo yote ya kipeperushi.

Hukusema picha zilitoka wapi, nami nina wasiwasi nazo. Wateja wengi wa mji huu hutuma picha kwa WhatsApp, ambako hubanwa na kupunguzwa ubora, ilhali kazi ya chapa ya ukubwa huo huhitaji nukta 300 kwa kila inchi. Mwombe mteja aitume picha kama dokumenti, ibaki ilivyo. Na kama umepakua yoyote mtandaoni, ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda hata picha za kamera.

Nitamlaumu kidogo na msimamizi wako. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hapewi maandishi na picha tu bila kuambiwa kazi itachapwa wapi, nakala ngapi na kwa karatasi gani. Lakini kwa kuwa hakusema, ulipaswa kuuliza, na saa nne zile za kukaa bure zilikutosha kuomba uonyeshwe faili la kazi iliyokwisha kuchapwa, ulilinganishe na karatasi yake. Naelewa aibu ya mgeni. Hata mimi ningejifanya natazama simu.

Kuhusu kuomba radhi, sentensi moja inatosha, nayo iende pamoja na faili lililorekebishwa. Wahi kufika, sahihisha, hifadhi kwa jina jipya bila kufuta la kwanza, kisha mwonyeshe dada mafaili yote mawili na umwombe mwende pamoja kwa mpiga chapa siku kazi itakapochapwa. Ile nakala iliyoharibika ibandike katika daftari lako la kumbukumbu za mafunzo, uandike kando yake vipimo sahihi. Msimamizi wako wa chuo atakapokuja kukukagua, ukurasa huo utampa la kuuliza, nawe utakuwa na la kujibu.

Na shikamoo? Walicheka kwa sababu ulimzeesha dada wa watu. Kwa tofauti ya miaka minane, "habari za asubuhi, dada" inatosha, na umwite dada pamoja na jina lake. Shikamoo yako mpelekee mhasibu mwenye mvi, mlinzi wa getini, na mama anayewaletea chakula cha mchana.