Usitume hiyo hela ya chumba Masaki

Salamu ya kamwene nitakupa baadaye. Kwanza usitume hiyo hela.

Nimesoma swali lako. Unatoka Iringa na mchumba, mna laki tano, siku nne, mnataka kuiona Masaki, ushuani kwa Dar, na kupiga picha baharini. Unauliza usafiri, pa kulala, nguo za kuvaa na boti ya kwenda kisiwa cha Bongoyo. Sawa. Halafu nikamwona mdau hapo juu anakwambia "laleni hukohuko Masaki, kuna vyumba vya laki na ushee tu, msijinyime", na wewe umejibu "asante kaka, naomba namba". Hapo chai ikanipalia.

Mdogo wangu, hayo maneno niliambiwa mimi mwaka 2019, karibu neno kwa neno.

Ilikuwa mwezi wa saba, viazi vimelipa. Mke wangu alikuwa hajawahi kuiona bahari, na mimi kwa kiherehere changu nikamwahidi bahari ya ushuani, si ya Kigamboni kwa feri kama watu wenye akili zao. Kaka yake anaishi Dar. Nikampigia kumuuliza gesti, akanijia juu: "Shem, utamlazaje dada yangu Sinza? Niachie mimi. Masaki, dola arobaini na tano, chai ya asubuhi ndani." Ukishaambiwa "dada yangu" namna hiyo unajibu nini? Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,300. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya mbolea: 103,500 kwa siku, siku tatu 310,500. Nikatuma ya siku ya kwanza kwa simu, nikajiona nimeuweza mji.

Tukashuka Ubungo saa tatu usiku, makoti ya baridi ya Uyole, Mbeya, mkononi, jasho linatiririka. Kule mapokezi kiyoyozi kinavuma, dada wa kaunta anatabasamu kama tumechumbia kwao. Nikatoa kitambulisho, nikasaini karatasi. Sikuisoma. Ningeisomaje, na mke wangu alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu siku ya harusi?

Siku ya kuondoka ikaja bili. Kumbe dola 45 ni ya mtu mmoja. Sisi wawili, siku tatu, 270. Juu yake VAT asilimia 18, maana bei niliyotajiwa ilikuwa kavu: 318.60. Nikasema haya, nalipa kwa shilingi. Dola ya pale kaunta si ile ya benki, wao wanahesabu 2,400. Jumla 764,640. Nyie wa viazi mnaijua lumbesa: gunia limeshajaa, linashonewa kichwa, na bei inabaki ya gunia. Miaka yote nawalaani madalali wa lumbesa, kumbe Masaki nako ipo, ila wao wanakuwekea na kitambaa cheupe.

Ukitoa ile niliyotanguliza, nilidaiwa 661,140. Nilikuwa na 310,000. Begi letu likahamia nyuma ya kaunta, "kwa usalama". Nikatoka nje chini ya mnazi, nikampigia mdogo wangu nyumbani: ingia ghalani, uza mbegu. Akauliza, "Mbegu, kaka? Mbegu yenyewe ya kupanda?" Hiyohiyo. Magunia saba, elfu hamsini hamsini, bei ya mtu mwenye shida, na mnunuzi alishainusa shida yangu toka mbali. Ikapatikana 350,000. Ikapungua 1,140, yule dada akanisamehe. Ndilo punguzo pekee nililowahi kupewa Masaki, nalitunza moyoni. Makato ya simu na nauli ya kurudi alivifungua mke wangu kwenye pindo la khanga. Mpaka leo nikijifanya mjuaji mbele za watu ananiuliza kama wale wa kaunta hatujasalimiana siku hizi. Mvua za Novemba zilipokuja, nusu ya shamba langu haikuwa na cha kupandwa.

Na shemeji? Nilipompigia akasema, "Lakini shem, si mlifurahi?" Baadaye nikaja kusikia alikula cha juu kwa kutupeleka pale. Na Masaki yenyewe alikuwa anaijua kupitia dirisha la daladala! Kwenye vikao vya ukoo viazi namkaribisha, ila namhesabia.

Utaniambia siku hizi kutaja bei kwa dola ni marufuku, tangu Machi 2025. Kweli kabisa, na nilishangilia peke yangu sebuleni. Lakini marufuku hiyo haijagusa "kwa kila mtu", haijagusa "bila kodi", wala haijagusa aibu ya mwanaume aliyesimama na mchumba mbele ya kaunta. Hiyo ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote.

Kwa hiyo shika hili, mengine hata ukisahau: Masaki unatembea, hukai. Hukai kulala, hukai mezani, hukai hata kwenye kile kiti chenye mto kinachoonekana cha kusubiria watu, maana ukikaa tu mtu anakuja na menyu, na ikishafunguliwa mbele ya mchumba hamna njia ya heshima ya kuifunga. Mimi nilikaa mara moja "tupumzike kidogo", maji ya kunywa yakanitoka elfu tano. Chupa moja. Baridi yenyewe ya wastani.

Laleni Sinza au Kijitonyama, bei inatajwa kwa shilingi na ni ya chumba, ingieni wawili. Hata hapo uliza hivi, kwa sauti: "Jumla, sisi wawili, siku zote, kodi ndani, ni shilingi ngapi?" Akianza kujikunja, aga. Kuleni mshibe hukohuko, ndipo mpande daladala iliyoandikwa Masaki. Teremkeni, mtembee. Barabara ina miti, magari mnayaona bure. Coco Beach ni ufuko wa watu wote, hakuna kiingilio, na pale ndipo pekee ninaporuhusu kukaa, kwa sababu unakaa mchangani. Kuna muhogo, kuna mishikaki, kuna dafu. Jumapili jioni utadhani mji mzima umehamia pale. Mke wangu alicheka siku nzima Coco, na tulitumia pesa kidogo kuliko ile chai ya "ndani" ambayo ilikuwa mkate na yai. Siku tatu nalipia kitanda, furaha ilikuwa mchangani!

Boti za Bongoyo zinatokea Slipway. Nauli ya boti na kiingilio cha hifadhi ni vitu viwili, kwa hiyo uliza jumla, palepale, kabla mguu haujaingia majini. Na basi siku hizi halikushushi Ubungo kama mimi, linaishia Mbezi Luis, kwa hiyo usikubali mtu akupokee begi pale akisema Masaki ni hapo mbele tu.

Sasa niambie, hiyo namba umeshapewa? Kama umeshatuma hata elfu kumi sema hapahapa usione haya, na kama hujatuma mwambie huyo kaka akuandikie jumla kwa watu wawili tuisome wote. Kamwene.