Niliandika "mgonjwa hatulii", kisha ikawa zamu yangu

Ni muuguzi wa afya ya akili hapa Dar mwaka wa 11 sasa. Mwaka wa sita niliugua mwenyewe, baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi.

Kabla ya hapo, kwenye mafaili niliandika mara nyingi: "Mgonjwa hatulii, anazungukazunguka wodini." Daktari akisoma, dozi inapanda. Kisha nami nikachomwa sindano ya haloperidol, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili. Siku ya pili sikuweza kukaa. Nikikaa kitandani, miguu inanisukuma niinuke. Nikiinuka, inataka kutembea. Nikitembea, nafuu sioni. Chai ilipoa mezani, kila nikishika kikombe nakiacha naondoka. Wazimu haukuwepo hapo, ni dawa. Hali hiyo inaitwa akathisia. Chuoni niliulizwa kwenye mtihani nikapata, kumbe nilikuwa najua jina tu. Daktari alipunguza dozi, akaniongezea dawa ya propranolol, na taratibu nikaweza kumaliza kikombe.

Siku hizi mgonjwa akizunguka namuuliza: "Kaka, ni mawazo yanakimbia au ni miguu inakataa kutulia?" Wengi hujibu papo hapo. Na wewe unayeuguza ndugu nyumbani, muulize hivyohivyo, halafu jibu lake lipeleke kwa aliyemwandikia dawa. Usimkatishe dawa kwa uamuzi wako.

Ila kuugua peke yake hakunifanyi mtaalamu. Ugonjwa ukinipanda najiona mzima kuliko watu wote. Nalala masaa mawili, saa tisa usiku nafua mapazia, naandika hesabu za duka la Kariakoo ambalo sina hata mtaji wake. Ukiniuliza wakati huo, nitakuapia sijawahi kuwa na afya kama hii. Hapo ndipo taaluma inanisaidia: najua kwamba usingizi ukipungua na mwili usichoke, ugonjwa uko mlangoni.

Kay Redfield Jamison, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebobea katika ugonjwa huuhuu, aliweka wazi mwaka 1995 kwamba naye anao. Kwetu bado ni vigumu. Mirembe, hospitali ya Dodoma inayotibu watu, jina lake limegeuzwa tusi la kwenye daladala. Wahudumu wenzangu mnaoumwa kimyakimya, naelewa mnachoogopa. Tafuteni walau mtu mmoja wa kumwambia.

Wa kwangu ni dada. Nikiwa mzima tuliandikiana kwenye daftari: nikilala chini ya masaa manne usiku mbili mfululizo, ananipeleka kliniki hata nikimtukana. Nikasaini. Ramadhani tunakuwa macho zaidi, maana kuamkia daku kunavuruga usingizi.

Ramadhani moja ilifika siku hiyo. Alinipakia kwenye bajaji kutoka Mbagala, nikamtukana njia nzima, nikamwambia yeye si muuguzi, muuguzi ni mimi. Hakunijibu. Alifungua daftari kwenye ukurasa wenye sahihi yangu, akaniwekea mapajani.